Bwawa la Shimo la Mwisho

3 Machi

Mwanangu kitindamimba,

Hujambo huko mjini? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananinunia. Nakuandikia kwa kuwa masikio yangu na simu havipikiki chungu kimoja. Dereva wa kampuni yenu ndiye tarishi wangu.

Uwanja wako wa gofu unapendeza. Ila lile bwawa pale kilimani, juu kabisa ya paa langu, ni la nini? Watu wanataka kupiga mpira, nyinyi mnawawekea maji?

Mama yako

9 Machi

Shikamoo Mama,

Umenichekesha. Gofu bila hofu ni matembezi tu. Shimo la mwisho nimelichora mimi: mchezaji lazima auvushe mpira juu ya maji mpaka kwenye kipande kidogo cha nyasi. Akisita, umezama. Tajiri mwenye uwanja anataka bwawa lijae hadi ukingoni siku ya mashindano, picha zipendeze, kwa hiyo tumeziba bomba la kupunguzia maji. Nimekubali, ni mpaka mashindano yaishe. Usijali, ukuta wa bwawa ni imara.

Mwanao

28 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Huku mvua haikatiki. Sakafu ya jikoni inatoa maji. Napiga deki, nikigeuka pameloa tena. Jirani yangu mshonaji amehama na watoto wake, cherehani kichwani, akanisihi tufuatane. Nikamcheka. Ukuta kaujenga mtoto niliyemzaa mimi, nikikimbia mimi nani atauamini?

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Leo sikuamkii, nisamehe. Barua yako nimeipata sasa hivi. Maji ya jikoni si ya mvua, yanapita chini ya ukuta wangu. Nimemwomba tajiri afungue bomba, anasema wageni wa mashindano wameshafika. Hama, Mama. Dereva anayeleta barua hii nimemwambia asirudi bila wewe. Usifunge mizigo, wala usijali watu watasema nini. Nilikosea, na naogopa sana.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Natumai umeamka salama. Sisi wazima. Nasema sisi kwa sababu nilimfuata mshonaji kule alikohamia, nikamsomea barua yako, pale uliposema ukuta ni imara. Aliona haya, akarudi na watoto wote. Kwake pameloa, basi wako hapa kwangu.

Maji ya jikoni leo yamegeuka mekundu, yanatoka na udongo. Watoto wamefurahi. Wanapiga kizibo cha chupa kwa mpini wa ufagio, wakikivusha juu ya dimbwi, eti gofu. Nimewaambia aliyeuchora mchezo huo ni mwanangu.

Dereva wenu hajaonekana, wanasema barabara imekatika pale darajani. Akipita nitampa barua hii. Hatuna haraka, tuko hapa hapa.

Mama yako