Mapera Nyuma ya Mlango

Kwa Bwana Osman Dukani,
S.L.P. 52,
Kakamega.

21 Agosti, 1966

Mpendwa ndugu yangu Phineas,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Shirere. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na Kageha na watoto, na kwamba joto la Mombasa halijawamaliza. Kikohozi cha yule mdogo kimepona? Mara ya mwisho uliandika kwamba analala vibaya, kisha ukanyamaza, na mimi huku nikabaki nawaza.

Sisi tupo. Zaidi ya hapo sijui niseme nini. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamekauka shambani yanangoja kuvunwa, na mgongo wangu unanikumbusha kila asubuhi kwamba mimi si yule msichana aliyekuwa akikubeba kwenda kwa shangazi. Ng'ombe amezaa ndama jike. Hiyo ndiyo habari njema, ipokee vizuri maana sina nyingine.

Sasa Baba. Najua ndiye aliyekufanya uifungue barua hii haraka. Fizi zake bado zinatoka damu. Jino jingine limetoka juzi akila ugali, ugali mlaini tu, Phineas, si mfupa. Kile kidonda cha jembe hakijafunga tangu wakati wa palizi, na miguuni ana madoa meusi kama mtu aliyepigwa. Daktari alisema wazi kwamba mzee hakurogwa wala hana damu mbaya, amekosa vitamini C. Akizidi kuikosa ataanza kuvuja damu ndani, na hapo tutampoteza. Alimpa vidonge, na Baba akavimeza bila ubishi kwa sababu kidonge ni kitu cha mtu mzima. Vilipokwisha, daktari akasema sasa ni kazi ya chakula, yaani kazi yangu.

Uliniuliza katika barua yako, kama Baba anakula mboga za majani kila siku, amekosaje vitamini, na je, mboga si bora kuliko tunda? Hilo ni swali la mtu wa ofisini, lakini hata mimi lilikuwa likinisumbua. Nililipeleka kwa Bibi Nabwire, yule mama wa afya anayetufundisha akina mama siku za Ijumaa. Alicheka, akasema hakuna bora, kila kimoja kina kazi yake. Tsisaka na mrenda vina madini ya chuma ya kuongeza damu, vina vitamini ya macho, na vina kitu cha kujenga mifupa. Kwa hayo pera haliwezi kushindana na mboga hata kidogo. Lakini kwa fizi na vidonda, pera linaishinda mboga, na linalishinda hata chungwa. Tena ukila pera pamoja na mboga, mwili unakichukua vizuri zaidi kile chuma cha mboga.

Basi nikamwambia, lakini mboga pia ina hiyo vitamini C, umetufundisha mwenyewe. Akaniuliza naipikaje. Wewe unajua tunavyopika. Mrenda nautia munyu wa majivu ya maganda ya maharage ili ulainike. Tsisaka naichemsha mpaka uchungu uishe, naimwagia maziwa, nailaza chunguni, asubuhi naipasha, jioni naipasha, kesho yake tena, kama Mama alivyokuwa akifanya, na siku ya tatu ndipo inakuwa tamu kweli. Bibi Nabwire akasema vitamini C haivumilii moto mrefu, na munyu ndio unaimaliza kabisa. Chuma kinabaki, vitamini inakwenda na mvuke. Kumbe miaka yote hii Baba amekuwa akila nusu ya mboga.

Mimi nikafurahi, nikaona dawa iko uani. Ule mpera wa nyuma ya zizi umezaa mwaka huu mpaka matawi yanagusa chini, na mapera yanaozea pale, ndege wanakula wanaacha. Nikaokota bakuli zima, nikayaosha, nikamwekea Baba mbele. Akaniangalia kama niliyemtukana.

"Mimi nakulanga mapera?" akasema. "Mimi ni mutoto wa kuchunga mbuzi?"

Unamjua. Matunda ni ya watoto na ndege, mwanamume mwenye mji wake anakula ugali na mboga. Hata machungwa uliyotuma mwezi wa Mei aliyagawa kwa watoto wa jirani, mimi sikukuandikia kwa sababu sikutaka uumie.

Usinicheke kwa hili nililofanya baadaye. Niliona kama pera linakataliwa kwa kuwa ni tunda, basi nilifanye mboga. Nikayakata mapera, nikayatia chunguni, nikaweka munyu, nikayachemsha mpaka yakalainika, nikayaponda pamoja na mrenda. Baba akala. Akala kila jioni, akalamba vidole, akasema siku hizi mkono wangu umekuwa kama wa Mama. Nilijiona mjanja kuliko daktari. Wiki zikapita, fizi zikazidi kutoka damu, nikarudi kwa Bibi Nabwire kumweleza. Alishika kichwa. Mapera mazima ya mti mzima, Phineas, na nimeyapika kama ninavyopika kila kitu, mpaka hayana faida tena. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni bila kuwasha moto. Nilichoka siku hiyo kuliko siku yoyote ya kulima.

Baada ya hapo nikaacha ujanja. Kila asubuhi naweka kikapu cha mapera yasiyopikwa karibu na kiti chake, na kila jioni nakiondoa kikiwa vilevile. Nikaanza kumkasirikia. Nakuambia kweli, nilimkasirikia mpaka nikawa simsalimu vizuri. Nilisema moyoni, huyu mzee anajiua kwa ajili ya majivuno, na mimi ndiye nitakayemwosha na kumzika, na watu wataniuliza nilikuwa nikimlisha nini.

Jumapili iliyopita, tulipokwisha kurudi kutoka kanisani, Mideva wa ng'ambo ya barabara alipita kumsalimu Baba. Akakiona kikapu. Akacheka, akasema, "Mzee, siku hizi ni mapera? Kwani Musimbi amechoka kusonga obusuma?" Ulikuwa utani tu, unamjua Mideva. Lakini Baba alikipiga kikapu teke kwa ule mguu wenye kidonda, mapera yakatawanyika uani, na damu ikaanza upya.

Mideva alipoondoka nilimfunga mguu, na huku namfunga nikamwambia yote yaliyokuwa yamenijaa. Nikamwambia ananionea, na kama anataka kufa aseme tujue. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, na nakuandikia kama alivyosema:

"Wanasemanga ulirudi kwa baba yako kula tu. Mimi nasikianga. Wakiniona nakula mapera, watasema Musimbi hapikii baba yake. Mimi siwezi kuwapa hayo maneno."

Phineas, nilimaliza kuufunga ule mguu. Tangu nilipoachwa na mume wangu nikarudi hapa na sanduku langu, najua wanavyosema kisimani. Sikujua kwamba yeye anasikia. Kumbe haikuwa majivuno yake hata kidogo. Mzee alikuwa radhi meno yake yaishe kuliko jina langu lisemwe. Nilikwenda nyuma ya zizi, nikalia pale chini ya mpera, kisha nikaokota mapera mengine kwa sababu kazi haikuwa imeisha.

Kesho yake nilichukua kigoda, nikaketi pale mbele ya boma ambapo kila mtu anapita, nikala mapera mbele zao, waone si chakula cha aibu. Waliopita walinisalimu, nikaitikia huku natafuna. Baba aliniona kutoka mlangoni. Aliniita ndani, akaniambia nifunge mlango, akanyoosha mkono. Nilimkatia pera vipande vyembamba kwa sababu ya meno, akala lote.

Tangu siku hiyo anakula, lakini ni nyuma ya mlango. Akisikia nyayo uani anatema kilichomo mdomoni na kuficha kilichobaki. Unajua boma letu, hapakosi nyayo. Siku nyingine anapata vipande viwili tu, na Bibi Nabwire anasema havitoshi, anahitaji mengi na kila siku. Mimi nikila mbele za watu wanasema ni njaa. Hapo nguvu zangu zimefika mwisho.

Kwa hiyo sikuombi machungwa, wala dawa. Nakuomba uje. Najua likizo yako ni Desemba, lakini kufikia Desemba mpera utakuwa hauna kitu. Omba siku chache sasa. Uje na ile suti yako ya ofisini na tai. Wewe ukila pera mchana kweupe, watasema ndivyo wanavyokula wakubwa wa Mombasa, na wiki inayofuata Mideva mwenyewe atakuja kuniomba kikapu. Baba atakula pamoja na wewe, najua, kwa sababu kila ukija hukuwekea kiti kando ya chake.

Msalimie sana wifi yangu Kageha, mwambie mbegu alizoomba nimeziweka. Wabusu watoto. Mjomba Cornelius akipita hapo mwambie asiache kutuandikia. Baba anakusalimu, ingawa hajui nimekuandikia nini. Mungu akulinde njiani, akufikishe ukiwa na hamu ya kula.

Wako akupendaye, ila amechoka,
dada yako Musimbi.

Viti viwili vya Baba nimevitoa leo asubuhi, nimeviosha, nimeviweka kando ya barabara, kimoja chake na kimoja chako.