Kile Chombo Ulichokifunga kwa Taulo

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Hilo goti lako linasemaje, bado linalalamika ukipanda ngazi? Na shemeji je, ameacha kusinzia kitini huku redio ikimhutubia? Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu sana. Amesimama nyuma ya kiti changu sasa hivi, mikono kiunoni, kuhakikisha kweli naandika, maana anasema akiniacha peke yangu nitanyoosha mashati ya mtaa mzima kabla sijafika mstari wa pili. Ananijua.

Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu mimi ni muongo, dada. Ukiuliza vipi nasema safi, ukiuliza kuna nini nasema hakuna, kisha nasingizia pasi inaunguza nguo. Ule ujumbe ulioniandikia baada ya mahafali ya binti yako, ukiuliza umenikosea nini hata nikamfanyia mtoto vile mbele za watu, na kwamba kama ni kile chombo ulichonitumia ndicho kilichoniudhi basi nikurudishie, nimeusoma mpaka nimeukariri. Miezi mitatu na ushee sijaujibu. Leo naujibu. Ila inabidi nianzie nyuma kidogo, kwa hiyo vumilia, usirukeruke mistari kama ulivyokuwa ukifanya na barua za baba.

Siku chombo kilipofika, dereva wa basi alinikabidhi kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo taulo, ndani ya taulo kitu cheupe chenye tangi dogo la maji, kitufe, na mrija mwembamba uliopinda kidogo kwenye ncha. Hakuna boksi, hakuna karatasi. Nikajaza maji, nikabonyeza, trrrrr, maji yakachomoka membamba na kunipiga kifuani. Nilifurahi kama mtoto. Wewe si unaijua kazi yetu? Baba alinifundisha udobi hivi: jaza maji mashavuni, yapulize juu ya nguo, pfuuu, halafu pitisha pasi. Nawe tangu ukiwa msichana ulikuwa ukinigombeza kwamba watu wanavaa mate yangu, mpaka ukanibandika jina la Dobi wa Mate. Sasa ningefikiria nini kingine? Nikasema ama kweli dada hakati tamaa, kanitafutia mashine ya kulowanishia nguo.

Basi nikakitumia. Dada, nilikitumia hasa! Kwenye kola, kwenye mikunjo ya sketi za shule, kwenye pindo za mikono. Nikatia na maji ya wanga humohumo. Kikimaliza kazi nakipandisha kwenye rafu karibu na dirisha ili wateja wakione. Nikakutumia ule ujumbe wa shukrani, kwamba kimenisaidia mno, nakitumia kila siku, na hata wateja wameona tofauti. Ukanijibu kwamba umefurahi sana, ila hujaelewa wateja wanaingiaje hapo. Mimi nikamwambia wifi yako kwamba dada ameanza kuzeeka.

Mahafali yalikuja baada ya hapo. Nitayarudia.

Wiki moja baadaye umeme ulikatika tangu asubuhi. Chombo kilikuwa kimeisha chaji, na mezani nilikuwa na makoti meupe matano ya daktari wa meno, mama mmoja mrefu mwenye kliniki nyuma ya posta, ambaye akisema saa kumi ni saa kumi, si na dakika tano. Nikatoa pasi ya mkaa ya baba, nikarudia na utaratibu wa baba. Manne yalikwenda vizuri. La tano lilitoka na vidoadoa vya waridi kifuani. Nikapitisha pasi harakaharaka, vikageuka kahawia. Nikalikunja, nikaliweka chini kabisa ya yale mengine.

Akaja, akayakunjua yote. Nikamwambia ni kutu ya pasi ya mkaa. Alilisogeza koti dirishani, akalitazama, kisha akanitazama mimi, tena si machoni, mdomoni. Akaniuliza kwa upole kama huwa nalowanisha nguo kwa kinywa. Nikaona niokoe heshima yangu. Nikamwambia hapana mama, mambo hayo ya kizamani, mimi siku hizi nina mashine. Nikamshushia chombo chako kutoka rafuni na kumweleza kwa kirefu kinavyoifikia kola mpaka kwa ndani.

Mama wa watu alikaa. Alikaa juu ya tenga la nguo chafu, akacheka mpaka akavua miwani na kujifuta machozi kwa lile lile koti. Akasema miaka ishirini na miwili katika kazi yake ameona watu wakisafisha meno kwa kila kitu, lakini kola ya shati ikisafishwa ufizi ndiyo kwanza anaona. Alipotulia akanieleza kwamba chombo kile ni cha kuoshea katikati ya meno na kwenye mstari wa fizi, pale mswaki usipofika. Akaniuliza nimekipata wapi. Nikasema kwa dada yangu. Akasema basi dada yangu ananipenda, na kesho saa mbili asubuhi nifike kwake nikiwa na hicho chombo, la sivyo nguo zake atampelekea dobi mwingine.

Nilikwenda na chombo mkononi. Alinichungulia mdomoni muda mrefu, nami nikihesabu taa za dari. Kisha akanieleza: fizi zimevimba, ugaga umeganda kama jiwe, gego moja la chini haliponi, na meno mawili ya mbele chini yanacheza. Nikikaa kimya yataondoka, kwanza hayo, halafu jirani zao. Dada, nilichokiona pale juu ya kile kiti si daktari. Nilimwona baba. Alifika umri wa miaka hamsini hana hata jino la kumchekea mtoto. Watu walimwita Kibogoyo mbele ya uso wake naye akiitika. Unakumbuka ulivyokuwa ukimpondea chakula, na alivyokuwa akichukua sahani yake na kwenda kula akitazama ukuta? Mimi nina arobaini na nne. Niliogopa, nakwambia kweli. Niliogopa mno.

Aliukwangua ugaga siku mbili, na gego akaling'oa. Akanifundisha kutumia chombo chako, akianza na kunigombeza kwa sababu ya wanga. Nikakiosha kwa maji ya vuguvugu na siki kidogo, nikanunua mrija mpya. Akanielekeza nianze na nguvu ya chini kabisa, niiname juu ya sinki, nitie mrija mdomoni kwanza ndipo nibonyeze, nifumbe midomo nusu ili maji yajitokee yenyewe, na nifuate ufizi jino kwa jino bila pupa. Na mswaki uko palepale, akasema, nisije nikauacha kwa kuona nina mtambo.

Mimi mwanafunzi wake nikafika nyumbani nikabonyeza kwanza, nikatia mdomoni baadaye. Tena kwenye nguvu ya juu. Kioo, dari, taulo, wifi yako aliyekuwa amekuja kutazama, wote tulipata mgawo wetu. Mpaka leo anamwambia kila mgeni kwamba yeye aliwahi kuogeshwa na meno ya mumewe.

Siku za mwanzo sinki lilikuwa jekundu, nikataka kuacha. Nikarudi kliniki mbio. Daktari akasema fizi zilizovimba ndivyo zinavyoanza, niende nazo taratibu, nisizikimbie. Wiki ya pili sinki likawa la waridi. Wiki ya nne, asubuhi, maji yalitoka meupe kama yalivyoingia. Nikamwita wifi yako kwa sauti aje aone. Alikuja na ndoo akidhani bomba limepasuka, akanikuta nimesimama nikilitazama sinki lisilo na kitu. Akalitazama na yeye. Kisha akanishika mkono, na hakunitania, jambo ambalo si kawaida yake.

Jumatatu hii daktari aliyatikisa tena yale meno mawili kwa kidole. Yameshika. Akasema hayatakuwa ya kijana, lakini nikiendelea hivi nitazeeka nayo. Nililia palepale kitini, mdomo wazi, taa usoni, na yeye akanisubiri nimalize.

Sasa lile swali lako.

Dada, haikuwa kutu. Nilijua ni damu tangu doa la kwanza, na nilijua inatoka wapi. Miaka sita nilikuwa natema damu kila nikipiga mswaki, nafungulia bomba haraka ili wifi yako asione. Na nilijua kinywa changu kinanuka. Hakuna aliyeniambia. Niliona tu watu wakirudi nyuma nusu hatua, watu wema kabisa, bila wenyewe kujua kwamba wamerudi. Ndipo nikaanza kuongea nikitazama pembeni, kucheka na kiganja mdomoni, kukwepa vikao kwa kusingizia pasi. Mkaniona nimekuwa mtu wa kujidai. Nilikuwa mtu wa kujificha.

Siku ya mahafali binti yako aliuacha mstari wa wenzake, akanijia mbio na joho lake, akanirukia shingoni. Akasema mjomba, nina neno, na akasogeza uso aninong'oneze. Nilimwona anakuja karibu, karibu zaidi, na pumzi zangu sikuwa na pa kuzipeleka. Nikamweka mkono begani nikamsukuma. Si kidogo, dada. Kofia yake ilianguka. Nikasema nawahi basi, nikaondoka, na basi lenyewe lilikuwa la saa tatu zijazo. Nilikaa stendi saa tatu nzima nikijiona mbwa. Hukunikosea kitu wewe, wala yeye. Nilikuwa namwepusha na kinywa changu, nikamwonyesha kana kwamba simtaki. Nawe usingeweza kujua, kwa sababu mimi mwenyewe nilikwisha kukuandikia kwamba chombo kimenisaidia na nakitumia kila siku. Asante ya punda ni mateke, ndiyo hiyo niliyokupa.

Na kuna jambo moja nimelijua mwezi uliopita tu. Nilimuuliza yule dereva kama chombo kilikuja bila boksi. Akasema boksi lilikuwepo, kubwa, lina picha ya meno pande zote. Akasema wewe ndiye uliyelichana palepale stendi, pamoja na karatasi zake, ukakifunga kwa taulo lako na kukificha kwenye kopo, ukamwambia mdogo wako ana haya, watu wa stendi wasije wakamcheka. Basi ulijua. Ulijua, na miaka yote hiyo hukusema neno, wala hukurudi nyuma nusu hatua. Wewe ndiye mtu pekee niliyekuwa nikizungumza naye bila kupima umbali, na nilidhani ni kwa sababu una mafua yasiyoisha.

Nacheka na kulia nikiandika. Uliponisitiri mno ndipo nikakosa maelezo, na nilipokosa maelezo nikazisafisha kola za watu fizi miezi minne. Lakini ungekituma na picha zake zote, dada, nakujua na najijua, ningekasirika kweli na kukirudisha. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na koti jeupe, na nilipoumbuka nikakuta dawa ulikwisha niwekea rafuni. Asante. Sina neno kubwa kuliko hilo na nimelitafuta siku tatu. Asante kwa meno, asante kwa taulo, asante kwa kulichana lile boksi.

Nguo sasa nalowanisha kwa chupa ya kupulizia, ile ya kawaida ya dukani. Pasi ya baba nimeisafisha na kuiweka juu ya kabati. Humu ndani utakuta picha aliyonipiga wifi yako jana mlangoni pa duka. Itazame vizuri, usidhani ni mtu mwingine. Ni mimi, nacheka, na mikono yote miwili iko mfukoni.

Nisalimie shemeji, mwambie redio inalipiwa umeme hata akiwa amelala. Goti lipumzishe. Wifi yako anasema na yeye anataka mrija wake, wa rangi nyingine, maana hataki kuchangia na mtu aliyekuwa akila wanga wa mashati.

Na mwanao mwambie mjomba wake anakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao kumwomba radhi uso kwa uso. Mwambie lile neno alilotaka kuninong'oneza siku ile sikulisikia. Kama bado analo, aniwekee. Safari hii nitainama mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
aliyekuwa Dobi wa Mate