Baba Salma, Vitabu Havitoki

Baba Salma, huko uliko,

Eda imekwisha. Jana nimetoka nje kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, nikaenda Marikiti kununua nazi, na kila niliyekutana naye amenipa pole kwa kuondokewa na mwanachuoni. Mwanachuoni! Nimeuma mdomo nisicheke mbele za watu.

Wajua mjane akiwa edani hana pa kwenda. Salma alikuwa akija kila Ijumaa kutoka kwake Ganjoni na chakula na maneno ya kunipa moyo, na akishaondoka nabaki mimi na kabati lako la vitabu. Miaka yote ya ndoa yetu nimelipangusa vumbi kabati lile, nikalifukiza udi kufukuza wadudu. Siku moja tu, Salma akiwa bado ananyonya, nilikuomba kitabu kimoja nisome. Ulinitazama juu ya miwani. "Vitabu hivi vyataka akili iliyotulia," ukanambia. "Enda katazame chungu chako." Nami, mjinga mimi, nikaenda.

Basi edani nikakifungua kile chenye jalada jekundu, kisa cha mwanamke aliyemwacha mamake akaenda kuishi mji wa mbali. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimelainika kwa vidole vyako, moja ina tone la kahawa. Halafu nikakuta zilizobaki zimeshikana pembeni, hazijakatwa tangu zitoke kiwandani. Kwanza nikakutetea. Nikasema ni unyevu wa mji huu, hapa kila kitu hushikana. Nikafungua kingine, na kingine. Nikafungua na kile cha buluu ulichokuwa ukikitia kwapani kila ukienda msikitini ili watu wakione. Vyote ni hivyo hivyo, Baba Salma. Kila kitabu umeingia ukumbini tu, umevua viatu, umesinzia.

Nikachukua kisu cha kukatia ndimu, nikawa nazikata kurasa na kusoma. Macho yangu yanauma upesi siku hizi, na mgongo hautaki kiti, lakini nilisoma chakula kikipoa, nilisoma mpaka Salma akaniuliza kama ni mzima.

Na kila nikisoma hasira inapanda. Maana pale barazani, chini ya dirisha letu, kila baada ya alasiri ulikuwa ukiwahadithia wenzako vitabu hivi mwanzo hadi mwisho, kikombe cha kahawa mkononi, kwa sauti ya mtu aliyekesha akisoma. Karani mstaafu wa bandari usiyejua hata kuwasha jiko, lakini mwisho wa kila kitabu unao wewe! Walikuita mwanachuoni ukaitika. Mimi juu dirishani nikikaanga samaki, nikisikia sauti si maneno, nikijiambia mume wangu ana kichwa kikubwa, si wa kusumbuliwa na maneno ya bei ya unga. Nimekunyamazia mangapi kwa ajili ya kichwa hicho kikubwa? Nakudharau kwa hilo, na nimechelewa kukwambia.

Leo asubuhi amekuja ndugu yako Athmani, tuktuk imesimama mlangoni, magunia matupu mkononi. Athmani, ambaye sijawahi kumwona akisoma chochote isipokuwa bei ya mirungi.

"Shemeji, nimekuja tukua vitabu vya ndugu yangu," akasema. "N'tavipanga sebuleni kwangu, wageni wavione."

"Na mimi?"

"Wewe umri huu utavifanyani? Macho yenyewe hayo!"

Ulimi uliniwasha. Neno moja tu, na jina lako lingekwisha mji mzima kabla ya adhuhuri. Lakini alikuwa ameshakitoa kabatini kile chekundu, amekishika kwa mikono miwili, na machozi yanamtoka.

"Hiki hakinitoki moyoni," akasema. "Vile alivyokuwa akituhadithia mwisho wake. Yule mwanamke yuwarudi kwao usiku, mlango hawakuufunga, na chakula chake kiko mezani, mamake amekifunika kawa."

Mwisho huo haumo, Baba Salma. Nimeusoma mimi. Katika kitabu yule mwanamke anafia ugenini, na mamake hapelekewi hata habari.

Lakini kawa hiyo naijua. Ni ile ya ukindu aliyonisukia mamangu nilipoolewa, na chini yake ndipo nilipokuwekea chakula chako kila usiku uliponogewa na baraza ukasahau nyumbani. Ulikuwa unaingia, unakula, unalala. Ahsante sikuisikia. Kumbe uliiona. Uliiona ukaipeleka barazani, ukaliza nayo wanaume wenzako, na mimi niliyeifunika hukunambia neno. Nimeingia jikoni nikalia, na nakuapia kilikuwa kilio cha hasira, hata kama si hasira peke yake.

Niliporudi sebuleni nimemnyang'anya Athmani kitabu.

"Vitabu havitoki," nikamwambia. "Sijamaliza kusoma."

"Na ukimaliza?"

"Nitaanza tena."

Ameondoka na magunia yake, ananung'unika kwamba msiba umenitia wazimu. Siri yako sikuitoa, na usidhani ni heshima. Ule mwisho wako ni mzuri kuliko wa mwandishi, basi, na sikutaka kumharibia.

Nimekirudisha kabatini, nimekitoa cha buluu. Kisu kiko hapa. Huko uliko ukikutana na watu, tafadhali usijitie kuwahadithia. Nisubiri nije nikwambie vinavyokwisha, vyote, na safari hii utakaa kimya unisikilize mimi.

Mkeo uliyemtuma chunguni,
Mama Salma