Mduara Usiotaka Mwenyekiti

Kansanga, Kampala
9 Novemba 2025

Mpendwa mpwa wangu Khaemba,

U hali gani huko Hamburg? Natumaini baridi imekuachia masikio. Sisi tu wazima, ila mgongo wangu haujaacha ukorofi wake.

Mama yako naye ni mzima, lakini kibanda chake cha nyanya pale sokoni Kalerwe hakipo tena. Hataki ujue. Mimi nimeshindwa kunyamaza.

Unakumbuka ulivyowaandikia akina mama wa soko wavunje kamati yao? Ulisema ujamaa wa kweli hauna wakubwa: wakae kwenye mduara, na jambo lisipite mpaka kila mmoja aridhike. Wakakuamini, maana wewe ndiye msomi wao. Nilipopinga, nikaambiwa mawazo yangu yameota kutu.

Basi mwenye kiwanja akataka kujenga maduka, akamtuma wakili. Wakili akauliza nani msemaji wao. Mduara ukakaa. Akullo muuza mboga, mwanafunzi wako hodari, akasema kuchagua msemaji ni kuanzisha udikteta. Wakabishana hadi jioni. Wakili akachoka, akawaita pembeni mmoja mmoja, na kila mmoja akatia saini karatasi ya kuhama kivyake, huru kabisa kama ulivyotaka. Mama yako peke yake ndiye aliyekataa. Asubuhi yake askari wakabomoa kibanda chake, wakaitupa meza barabarani.

Wewe na wenzako mnajidai hamuitaki dola, kana kwamba mkifumba macho itaondoka. Dola ina wenyewe, nao ni tabaka la wenye mali. Yule bwana ana wakili, ana askari, ana mahakama, na wote wanafuata amri moja. Ninyi mkampelekea mduara! Huo si ujamaa, ni mchezo wa watu wasio na kibanda cha kubomolewa, na ninaudharau.

Sasa dada yangu anatembeza nyanya na beseni kichwani. Jana wenzake walikutana Mengo kwa shangazi yako Nakhisa kuunda kamati upya, wakamchagua yeye awe mwenyekiti. Amekataa.

"Kaka, Khaemba atasema mimi sasa ni dikteta," aliniambia.

Nakhisa na Oketch mumewe wanakusalimu sana. Mungu akulinde, akupe na akili.

Mwandikie mama yako upesi, umpe ruhusa. Kumbe mduara ule ulikuwa na mwenyekiti siku zote, naye anakaa Hamburg.

Mjomba wako, anayekupenda hata akikukaripia,
Wamalwa