Tawi Langu Barabarani

Dada Edinah,

Bwana asifiwe. Kuku uliyenipa ameangua.

Lile shimo nililoripoti, nikalichomekea tawi ili watu wa baiskeli walione, jana wafanyakazi wa barabara walilijia. Nikamshukuru Mungu, nikawapikia chai. Wakanywa, wakang'oa tawi, wakapanda gari.

“Na shimo?”

“Mama, tumetumwa kutoa takataka tu. Kuna mtu aliripoti hilo tawi.”

Edinah, mpaka sasa siamini! Mvua ikanyesha, shimo likajaa maji, na leo asubuhi mume wangu Nicanor akatumbukia humo na baiskeli na maziwa yote. Mkono umevunjika. Lakini yuko hai, asante Yesu.

Gurudumu lake lililopinda nimelisimamisha shimoni. Nimeketi kando yake nikikuandikia. Waje walitoe.

Dadako,
Musimbi