Miwani Niliyoleta Darasani Imemnyima Nanzala Safari

Mpendwa Mshauri Nduta,

Nakuandikia nikiwa chumba cha walimu, wenzangu wameenda chai, na naomba unishike mkono kwa maana jambo nililoanza kwa nia njema kabisa limegeuka kumuumiza mtoto wa watu na mimi mwenyewe sijui nitalirudisha nyuma vipi.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya kutwa upande wa Kapseret, nimeajiriwa na bodi ya shule wala si serikali, na mwaka jana mwanafunzi wetu wa zamani anayefanya kazi ng'ambo alitutumia miwani za VR, zile unavaa zinafunika macho yote halafu ukigeuza kichwa unajiona umesimama mahali pengine kabisa, juu ya volkano au chini ya bahari, na walimu wengine wakaziogopa kwa hivyo mwalimu mkuu akanikabidhi mimi.

Katika kidato cha tatu nina msichana anaitwa Nanzala, anatumia kiti cha magurudumu tangu akiwa mdogo, na darasa likienda ziara yeye hubaki, na alikuwa amezoea hivyo hata siku ya safari haulizi, anajisukuma tu hadi maktaba kabla basi halijawashwa. Siku ya kwanza nilipomvalisha miwani nilimpeleka ukingo wa bonde la Kerio, pale Iten ambapo ardhi inakatika ghafla, naye akashika kiti kwa mikono yote miwili akapiga kelele, "Madam, nitaanguka!" halafu akacheka mpaka darasa zima likacheka naye. Tangu siku hiyo Jiografia ikawa yake. Mtoto aliyekuwa anaandika mistari miwili na kuweka kalamu chini akawa ndiye anawaeleza wenzake vile bonde la ufa lilizama, na Bilal, anayeketi karibu naye, alikuwa ananiambia, "Madam, wewe pumzika, Nanzala atatufunza." Mamake, anayeuza nguo za mitumba mjini, alikuja shuleni kunishukuru akanishika mikono na kuniombea hapo hapo mlangoni.

Sasa sikia. Muhula huu kidato cha tatu wanaenda Iten na Kerio kwa kazi ya nyanjani, bonde lenyewe, si picha, na kwenye mkutano wa walimu mwalimu mkuu, Bwana Kipchumba, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Nanzala hana haja ya kusumbuliwa. Yeye ameliona bonde tayari, tena vizuri kuliko sisi. Abaki na miwani yake afanyie kazi hapa." Akasema basi lina ngazi, njia ina mawe, na mtoto akianguka ni nani atajibu. Walimu wakaitikia kwa vichwa. Na mimi, Mshauri, nilinyamaza, na si kunyamaza tu, nilipewa kazi ya kumwambia na nikaenda kumwambia kana kwamba namletea zawadi.

Nilimwambia, "Una bahati wewe. Wenzako watachomwa na jua, wewe utaliona bonde ukiwa umekaa hapa."

Akaniangalia. "Madam, mimi hukaa kila siku."

Nikajaribu kumbembeleza, nikamwambia picha ni ile ile. Akasema, "Ndani ya hii miwani hakuna mtu mwenye ananijua. Bilal hayuko. Wewe hauko. Nikiona kitu nitamwonyesha nani?" Halafu akaifuta kwa kitambaa, akaifunga kwa boksi lake, akairudisha kabatini, na hajaigusa tena. Juzi mamake amekuja, safari hii bila maombi, akaniuliza, "Mwalimu, mtoto anasema anataka kuacha Jiografia. Mlimfanyia nini?"

Safari ni wiki ijayo. Nikimpinga mwalimu mkuu naogopa hataniongezea mkataba, na atasema miwani zinaleta fitina azifungie, na wale wanafunzi wote waliokuwa wameamka walale tena. Nikimpeleka Nanzala kwa nguvu na aumie kwenye ule mteremko sitajisamehe. Nikiomba safari ifutwe kwa wote, wenzake watamchukia. Kila mlango nikiugusa unanichoma. Nifanye nini?

Mwalimu K., Eldoret

*

Mwalimu K.,

Pangusa uso ukae wima, wiki moja si nyingi. Nakujibu moja kwa moja, mambo ya kuichapisha barua yako gazetini tutayaona baadaye.

Kwanza nikupe haki yako. Ulimkuta mtoto anajipeleka maktaba mwenyewe kabla hajafukuzwa, ukamfungulia dirisha. Hilo ni jambo kubwa na usiruhusu mtu alidharau, hata wewe mwenyewe. Lakini dirisha si mlango, mama. Shule yenu imeona mtoto amefurahi dirishani ikaamua kupiga misumari mlango. Miwani haijakosa. Waliokosa ni watu wazima waliokaa mkutanoni wakaamua kuhusu miguu ya mtoto bila kumwita mtoto, na wewe ulikuwa mmoja wao. Ulihofia kazi yako, ukaichukua hofu hiyo ukaipamba ikawa "bahati" ukampa Nanzala aibebe. Hapo nimekasirika na wewe, na nimemaliza.

Leo, kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, mtafute. Usiende na mpango, usiende na zawadi. Mwambie, "Nilikosea kukwambia vile." Kisha umuulize swali ambalo katika barua yako yote sijaona mtu akimuuliza: yeye hupanda gari vipi? Mtoto huyo hufika shule kila siku. Mamake humtoa nyumbani kila siku. Hayo mawe na ngazi mnayoyaogopa, hao wawili wameyazoea tangu zamani.

Pili, toa miwani kabatini. Umeniambia mna picha za ukingo wa Iten. Basi kaa na Nanzala, muivae kwa zamu, mtafute pale ambapo gari linafika na kiti kinasimama sawasawa. Hiyo ndiyo kazi ya chombo kama hicho, kumwonyesha mtu njia kabla hajaikanyaga. Gawa darasa makundi: wa kushuka mteremko washuke, wa kuchora na kupima kutoka juu wabaki juu, na wa juu wawe wengi. Asiwe Nanzala peke yake na mwavuli.

Tatu, nenda kwa Bwana Kipchumba. Usiende na machozi, na usiende peke yako. Nenda na mamake na Nanzala mwenyewe. Simwoni kama mtu mbaya. Namwona kama mtu anayeogopa kujibu mtoto akiumia, na mtu mwenye hofu huwezi kumshinda kwa hasira, unamshinda kwa kumwonyesha umefikiria. Mwonyeshe mahali. Mwambie nani atamshika akipanda, nani akishuka. Akikataa bado, mwombe jambo moja tu, amwambie Nanzala yeye mwenyewe, uso kwa uso, kwamba miwani inamtosha. Kuna maneno ambayo ni mepesi mkutanoni na mazito mbele ya mtoto. Na likishindikana hapo, ofisi ya elimu ya kaunti ina watu wanaoshughulikia wanafunzi wenye ulemavu; mamake ana haki ya kugonga mlango huo na wewe umsindikize.

Kuhusu mkataba wako sitakudanganya kwamba hakuna hatari. Ipo. Lakini umenieleza darasa lililoamka. Mwalimu wa namna hiyo hakosi pa kufundisha, na yule aliyenyamaza pale mkutanoni sijui kama ungependa kuishi naye miaka mingi.

Mshauri Nduta

*

Mpendwa Mshauri,

Tumerudi. Nanzala na mamake wamekubali uchapishe, mradi majina mengine uyabadilishe, lakini Nanzala amesema lake libaki.

Nilimwomba msamaha. Akasema, "Sawa Madam, lakini miwani univalishe wewe. Mimi nimekasirikia hiyo kitu." Tukatafuta mahali pamoja. Ofisini Bwana Kipchumba alisikiliza, akarudia mambo ya ngazi za basi, na Nanzala akamwambia, "Mwalimu, mimi hupanda na mgongo. Nakaa kwa ngazi, najivuta. Kiti kinabebwa na mtu yeyote." Mzee akavua miwani yake ya kusomea, akaomba avalishwe ile nyingine, akageuza kichwa huku na huku mpaka akagonga kabati. Alipoivua alisema, "Nitakuja na nyinyi. Nikibaki hapa nitakuwa napiga simu kila saa."

Mshauri, alikuja, na ndiye aliyebeba kiti.

Pale ukingoni upepo ulikuwa mkali. Nanzala alitazama kwa muda, halafu akaanza kulalamika. Picha zetu za kwenye miwani zilipigwa wakati wa mvua, bonde ni kijani. Siku hiyo lilikuwa limekauka, rangi ya mchanga, na moshi ulikuwa unapanda kutoka shamba fulani mbali huko chini. "Bilal, unaona ule moshi? Hiyo haikuwa kwa miwani. Na hii joto inatoka chini, unaisikia?" Bilal akasema anaisikia. Nanzala akamwonyesha kila kitu, Mshauri. Alionyesha mpaka mkono ukachoka.

Katika ripoti yake ameandika kwamba picha za shule zimepitwa na wakati na zitawadanganya kidato cha pili watakaozitumia baada yao, na anaomba apewe kamera ya kupigia picha za miwani arudi wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, apige upya. Bwana Kipchumba ameniuliza kama mtoto anaweza kuachiwa kifaa cha bei kubwa namna hiyo, na mkataba wangu bado hajaugusa. Nimwambie nini?

Mwalimu K.

*

Mwalimu K., mwambie ndiyo. Na siku mkifika huko, mwachie Nanzala mwenyewe aseme kamera isimame wapi.

Mshauri Nduta