Ndugu wa Odero Ambaye Hakuzaliwa

Nyumba za Reli, Makongeni,
Nairobi.
Jumanne, 18 Oktoba 1994.

Mpendwa Shangazi Roseline,

Nimeandika Shangazi, na naomba usilifute neno hilo. Najua wewe hupenda kuniita "mtoto wa binamu", lakini kalamu ni yangu na wino ni wangu, kwa hivyo utanivumilia hadi mwisho wa ukurasa.

Habari za Jinja? Goti lako linaendeleaje tangu ulipoteleza pale kanisani? Wanao wote wazima, na mumeo bado anakohoa asubuhi? Natumaini mvua imewafikia na mahindi yenu yamesimama. Sisi huku tu wazima wa mwili. Celine, mke wangu, amepata nguvu baada ya kujifungua, na maziwa anayo ya kutosha. Mtoto analia, mimi nimekasirika. Yeye ana wiki tatu katika kazi yake hiyo, mimi nina miaka minne katika yangu.

Barua yako ilifika Ijumaa, pamoja na picha. Nimeisoma mara tatu, mara mbili kimya na mara moja kwa sauti ili Celine asikie. Unasema baba yako, Odero, amekujia ndotoni akiwa na kofia yake ya reli, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akalalamika kwamba anaona baridi na hakuna aliyempa jina. Unasema umesikia nimepata mvulana wa kwanza, na kwamba mtoto huyo ni lazima aitwe Odero. Lazima. Umelipigia mstari chini, mara mbili.

Kwa bahati mbaya, Celine alikuamini papo hapo. Mtoto tumempeleka kliniki mara mbili na hawakumwona na ugonjwa wowote, na mtoto mzima akilia hivyo akina mama wa kwetu hawatafuti dawa, wanatafuta jina. Jumamosi asubuhi wakajaa nyumbani kwangu, wakiongozwa na jirani yetu Mama Akeyo, wakaanza kumwitia mtoto majina ya marehemu, moja baada ya jingine, wakingoja atakaponyamaza. Chumba ni kile kimoja unachokijua. Nilisimama nje kama mgeni. Wakapita majina kumi na moja, mtoto anapiga kelele tu. Walipofika kwa Odero, akanyamaza. Mama Akeyo akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika hadi Jogoo Road.

Mimi niliingia ndani nikasema hapana. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na mtoto akaanza tena.

Sasa nikueleze hapana yangu imetoka wapi, ingawa wewe ndiye unayepaswa kunieleza mimi, maana ulikuwepo.

Mwaka 1951 nyanya yangu Dorka alipanda gari moshi kutoka nyumbani na mvulana wa miaka saba. Mumewe, Odero, alikuwa hajaonekana kwao kwa mwaka wa pili. Alikuja na kuku mmoja na kikapu cha unga, akauliza njia hadi akafika hapa Makongeni, kwenye mlango wa Odero. Alimkuta mwanamke mwingine ndani, yaani mama yako, na alikukuta wewe, msichana wa miaka sita, umesimama mlangoni. Ukamtazama yule mvulana. Ukauliza, "Baba, huyu ni nani?"

Odero akajibu mbele ya majirani wote waliokuwa wametoka kuchungulia: "Huyu ni mtoto wa marehemu ndugu yangu."

Shangazi, Odero alikuwa mvulana pekee kwa baba yake. Ndugu huyo hakuzaliwa. Sijui alipata wapi nafasi ya kufa.

Mvulana yule ndiye baba yangu, Johnson. Mzee Kimanzi, dereva mstaafu wa gari moshi ambaye bado anakaa safu ya nyuma yetu, alikuwa kijana wakati ule na aliyaona yote. Anasema baba yangu alimwita Odero "Baba" mara mbili, na mara ya pili alipigwa kofi la mdomo ili ajifunze. Mzee Kimanzi ndiye aliyewapa nyanya na mtoto kitanda chake, yeye Mkamba asiyejua hata neno moja la lugha yetu, naye akalala jikoni. Kesho yake wakarudi nyumbani na kikapu chao. Kuku mlibaki naye.

Sikulaumu kwa jambo ulilolisikia ukiwa na miaka sita. Mtoto huambiwa akaamini. Lakini ulikua. Baba yako alihamishiwa huko Jinja, akafa, mkamzika huko huko mbali na boma lake, na wewe ukaolewa ukazeeka, na katika miaka yote hiyo hujapata siku moja ya kuuliza huyo ndugu wa Odero aliitwa nani. Mwaka 1990 tulipomzika baba yangu ulituma simu ya maandishi ya maneno matano: POLENI KWA KUFIWA NA BINAMU. Niliisoma kaburini mbele ya watu, kwa sababu nilikuwa nimeombwa nisome salamu zote. Nikasoma na hilo neno. Nyanya Dorka alikuwa amekaa pale mbele, ameshika fimbo yake, akainamisha kichwa. Sijakusamehe kichwa kile.

Na sasa angalia ulichokifanya kwa barua yako ya Ijumaa. Umeandika mwenyewe, ukurasa wa pili, kwamba Odero hawezi kuchukua jina kwako kwa sababu wanao ni wa ukoo wa mume wako, na kwamba marehemu hutaka jina katika nyumba yake mwenyewe. Ni kweli, ndivyo ilivyo kwetu. Basi nyumba yake mwenyewe ni ipi? Kama Johnson ni wa ndugu, Odero anatafuta nini kwangu? Aende kwa wanawe wengine wa kiume. Hana. Miaka arobaini na mitatu mmeufungia mlango huu, halafu baridi ilipompata mzee akabisha hapa hapa, kwa anwani sahihi kabisa.

Jumapili Celine alipoenda kanisani nilibaki na mtoto, analia vile vile. Nikaichukua ile picha ya Odero uliyoituma nikaiegemeza kwenye chupa ya chai, nikavuta kiti, nikakaa mbele yake na mtoto mapajani. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kuona uso wa babu yangu. Ana masikio makubwa. Baba alikuwa nayo, mimi ninayo, na huyu mdogo anayo pia, maskini.

Unajua kazi yangu ni ya ofisi ya vifurushi hapa steshenini. Mtu akija kuchukua mzigo, simwamkii sana. Namuuliza mzigo gani, wa nani, umetoka kwa nani. Nilimuuliza Odero hivyo hivyo, na usinicheke, alijibu. Najua ni mimi niliyekuwa nikimjibia, lakini sauti ilikuwa yake.

"Umekuja kuchukua nini?"

"Jina langu, karani. Lakini kwanza leta chai, tutaongea."

"Chai ipo, lakini si yako. Jina unalichukua kwa nani?"

"Kwa mjukuu wangu."

"Hapa hakuna mjukuu wako. Hapa ni kwa watoto wa marehemu ndugu yako. Yeye ndiye mwenye mzigo. Aliitwa nani huyo ndugu?"

Akaomba chai tena. Nikamuuliza alikufa mwaka gani, alizikwa wapi, nani alimlilia. Nikamwambia mzigo usio na jina la mwenyewe hautoki ofisini kwetu. Nilifurahi, Shangazi. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu kaburini, na nilitaka atahayari mbele ya mtoto kama alivyomtahayarisha mtoto.

Akaanza visingizio. Eti mama yako alikuwa amesimama nyuma yake na sufuria mkononi. Eti kazi ya reli ilikuwa mpya na hakutaka maneno na msimamizi wa nyumba za reli. Nikamwambia, "Mwanamume mzima, fundi wa injini, unaogopa sufuria?" Nikamwambia na mengine ambayo siwezi kuyaandika kwa mtu wa kanisa kama wewe. Nilikuwa nimesimama sasa, nampigia kelele mtu wa karatasi, na mtoto begani ananipigia kelele mimi.

Halafu akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia. Aliuliza, "Alikua? Yule mvulana. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilitaka kumwambia haimhusu. Lakini Shangazi, hakuna mtu wa upande wenu aliyewahi kuniuliza swali hilo, hata siku ya mazishi, na nilikuta mdomo unajibu kabla yangu. Nilimwambia Johnson alikua mrefu. Kwamba aliingia reli kama yeye, na alipopewa nafasi ya kuchagua nyumba aliomba hapa Makongeni, safu hii hii, milango mitatu kutoka ule mlango, na hakuna aliyejua sababu. Kwamba alipiga viatu rangi kila jioni, vyake na vyetu. Nikamweleza tabia yake moja iliyonitia aibu sana nikiwa mdogo. Hatukuweza kupita mtu bila yeye kusimama na kusema, "Huyu ni mwanangu, Owiti." Kwa mwalimu, kwa muuza makaa, kwa kinyozi aliyekwisha ninyoa mara ishirini. Watu walimjibu, "Tunajua, Johnson, tunajua." Alisema tena kesho yake. Nilikuwa nikimvuta shati twende.

Nilipofika hapo nikamwambia Odero, "Sasa unajua kwa nini." Halafu nikalia. Nimekuandikia ukweli huo ili usidhani hii barua ni ya hasira tupu.

Nilikuwa nikisema Johnson, nikisema Odero, Odero alifanya hivi, Johnson akafanya vile, hata sikutambua ni wakati gani mtoto alinyamaza. Celine aliporudi alitukuta sote watatu kimya. Aliuliza amenyamaza kwa jina gani. Nilimwambia sijui, maana yote mawili yalikuwa kinywani mwangu.

Jana asubuhi nikaenda kliniki, na kwenye kadi karani ameandika Odero Johnson. Umepata ulichokitaka, lakini usishangilie upesi. Sikumpa Odero zawadi. Kuanzia sasa hataandikwa popote bila Johnson nyuma yake: shuleni, kazini, kwenye cheti cha ndoa, hata kwenye msalaba wa kaburi. Kila mwalimu atakapoita Odero, atauliza, "Odero yupi?" na mtoto atajibu, "Odero wa Johnson." Na kila jioni mimi nitasimama mlangoni na kuita, "Odero, njoo ndani," na atakuja mbio aniite Baba, nami nitaitika. Mara ya kwanza na mara ya pili.

Limebaki jambo moja. Kadi ya kliniki ni karatasi tu. Jina halijatangazwa, na ili litangazwe lazima litamkwe na mtu wa damu ya Odero aliyemfahamu kwa macho. Nyanya Dorka alimfahamu lakini hakuzaliwa kwao. Umebaki wewe peke yako duniani. Kwa hivyo panda gari moshi. Jumamosi ya kwanza ya Desemba tutakungoja, na usije na kuku. Nyanya anakuja kutoka nyumbani, nimekwisha mtumia habari. Mzee Kimanzi nitamwekea kiti mbele, sikio lake la kulia lisikie, maana la kushoto limekufa. Tutasimama mbele ya ule mlango wa zamani, wapangaji wa sasa wamekubali. Nitambeba mtoto mikononi, na mbele ya majirani wote nitakuuliza swali lako mwenyewe la mwaka 1951: huyu ni nani?

Ukijibu sawasawa, chai ipo. Ya Odero pia nitaimimina pale kizingitini. Usipojibu, au usipokuja, mtoto atabaki Odero wa kadi, na huyo baba yako aendelee kukaa ukingoni mwa kitanda chako na baridi yake.

Msalimie mumeo na umwambie aache sigara. Wasalimie wanao wote na wajukuu, hasa yule mdogo aliyenichorea treni. Celine anakusalimu kwa upole kuliko mimi. Nyanya Dorka hajatuma salamu, ila aliuliza kama goti lako linaweza kupanda ngazi za gari moshi. Mungu akulinde njiani na akufikishe ukiwa na sauti.

Ukijibu barua hii, andika juu ya bahasha ni wa nani kwako yule unayemwandikia.

Wako, akupendaye kwa shida,
Owiti Johnson,
mtoto wa kaka yako.